Bangili ya Mke wa Mlinzi

Msemaji akipigwa, anayeumia ni mke wa mlinzi wake. Ndiyo sheria, ili mlinzi asizembee kazini. Kwa hiyo mkono wa Tausi una bangili isiyovulika, na jicho lake la kushoto bado limevimba tangu mkutano wa Jumapili, ingawa siku hiyo hakutoka jikoni.

Leo mumewe, Inspekta Chengula, aliwaona watu uwanjani wameshika mawe waziwazi, kama wametumwa sokoni.

“Mheshimiwa, hiyo hotuba ya kufunga visima kaisomee redioni,” alimsihi. “Nakupigia magoti.”

“Inuka, utachafua suruali,” alisema Msemaji, Bi Nzowa, akijipaka wanja. “Mimi haniumizi mtu. Na usinizibe, wanione uso.”

Akapanda jukwaani. Chengula alisimama mbele yake, akasukumwa kando. Akampigia mkewe simu.

“Baba Sekela, najua, naangalia kwenye runinga,” alisema Tausi. “Nimeingia chini ya meza. Nimevaa na ile helmeti yako ya pikipiki.”

Chengula alijua maumivu yanapitia kwenye bangili. Jiwe la kwanza likarushwa.

“Ufunge mkanda vizuri, mama,” akasema.