Mshale wa Bingwa

"Igeuze, fundi. Miguu juu, tumbo nje!" alisema Wapili, na kabla fundi hajajibu, mwenyewe alikuwa ameshalishika tairi la nyuma.

Baiskeli ikapinduliwa, ikasimama kwa kiti na usukani juu ya gunia. Kwenye benchi la karakana watu walisogeana kupisha makalio mengine. Habari ilishazunguka mtaa mzima: ukumbi wa michezo unataka kuitundika ukutani baiskeli ya Bingwa, ile iliyoshinda mashindano makubwa, na Wapili amekwenda kuwaambia wakubwa wa ukumbi waikague kwanza, wasije wakatundika bati la mtu.

Jina la Wapili hakulichagua. Miaka arobaini iliyopita alivuka mstari nyuma ya Bingwa, na mtaa ukambandika hilo hilo. Hata wajukuu zake waliitwa wajukuu wa Wapili. Bingwa akapewa kombe, akapewa kazi, akaishia kumwoa msichana ambaye Wapili alikuwa ameshamnunulia kitambaa cha gauni.

Bingwa alikaa pembeni, kofia magotini, kama mgeni kwenye shughuli yake mwenyewe. "Iacheni tu, jamani," alisema. "Mimi sikuomba itundikwe."

"Anaogopa huyo!" Wapili alilikonyeza benchi.

Fundi alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaanza kupangusa. "Aina yake ni Mshale, hilo halina ubishi. Usukani wa pembe za kondoo, kiti chake kile kile cha ngozi. Hii bluu ndiyo mliyopaka wenyewe?"

"Rangi ya timu," Wapili alijibu. "Tulipaka zote. Yangu, yake, na ya marehemu mdogo wangu. Ukizipanga pamoja hujui ipi ya nani."

Mdogo wake hakuyamaliza mashindano yale. Chini ya mteremko aliruka ukingo wa daraja. Maiti yake iliopolewa, lakini mto ulikuwa umefurika na baiskeli haikuonekana tena. Watu walisema tairi lilipasuka. Wapili aliambiwa akiwa ameshafika mwisho, bado anahema.

"Na breki?" aliuliza sasa, akiinama. "Waya wa breki ya mbele ni mpya, siyo?"

"Mpya wapi, mzee wangu! Huu umetoka nao kiwandani. Ona ncha yake ilivyozibwa. Haujaguswa na koleo tangu uzaliwe."

"Haiwezekani."

"Basi vaa hii aproni, mimi nikakae benchi."

Watu wakacheka. Wapili hakucheka. Mpaka leo hakuelewa Bingwa alishukaje ule mteremko. Wengine walikiita kipaji. Yeye kipaji hicho hakukiamini hata siku moja, na kilimkosesha usingizi kuliko kombe, kazi na yule msichana vikiwekwa pamoja.

Fundi alivaa miwani. Akasugua kwa ukucha chini ya fremu, pale pedali zinapopita, mpaka herufi na tarakimu zikatokeza. Kisha akaangalia tarakimu zilizogongwa kwenye nati ya gurudumu la nyuma, akarudi kwenye fremu, akaguna.

"Zinakubaliana," alisema. "Huu ni Mshale wa toleo la pili. Umetengenezwa mwaka ule ule wa mashindano yenu. Ulikwenda kushindana ukiwa bado unanuka kiwanda."

Wapili aliruka kama kijana. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Huyu Mshale wake aliununua kwa tarishi, ulishazeeka kwa kubeba barua kabla yeye hajaukalia! Nani hapa hajui? Toleo la kwanza lile! Hata kovu la kibebeo cha barua lilikuwepo, hapa shingoni, gizani ukipapasa unalisikia! Liko wapi? Haya, lionyesheni! Miaka yote hii, Bingwa, kombe kabatini na kifua mbele. Hii si baiskeli yako!"

Benchi likalipuka. Mmoja akapiga mluzi. "Leo ni leo!" akadakia mwingine. Mama wa duka la jirani akaacha wateja wake, akaja na kijiko mkononi.

"Kweli," alisema Bingwa. "Si yangu."

Mama wa duka akakishusha kijiko.

"Asubuhi ile, kabla ya filimbi, mdogo wako alinifuata. 'Kaka, leo tubadilishane,' akaniambia, 'nataka nionje bahati yako.' Alivyokuwa anabembeleza yule, ungemnyima? Nikampa yangu, nikapanda yake." Bingwa aliikunja kofia, akaikunjua. "Sikusema kwa sababu ya mama yenu. Ningemwambiaje kwamba mwanawe ameondokea juu ya baiskeli yangu? Ichukue, ndugu yangu. Ni ya nyumbani kwenu."

Mtu mmoja kwenye benchi akasema pole, na wengine wakaipokea, pole, pole sana.

Wapili hakuwasikia. Alikuwa anakitazama kiganja chake cha kulia, kile kilichopapasa gizani usiku wa kuamkia mashindano, kikalipata kovu shingoni, kisha kikaibana koleo kwenye waya. Miaka arobaini alikuwa akijiuliza alikosea wapi.

Hakukosea.