Mguu wa Mwalimu Korongo

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape habari ya Bi Kobe. Korongo alikuwa akiwafundisha Kanga na Nguchiro, waliojitolea kuwatunza wazee wasiojiweza. Akamchukua Bi Kobe awe mfano wa somo, na bila hata shikamoo akampindua chali.

"Mnamgeuza hivi, kisha mnamwogesha," alisema.

"Hatumwulizi kwanza, mwalimu?" Kanga aliuliza.

"Mzee huyu anajua nini? Amueni nyinyi."

Bi Kobe alitapatapa miguu juu, aibu ikimchoma kuliko jua, na hakuna aliyemtazama usoni. Basi akanyoosha shingo, akaung'ata mguu wa Korongo, asiuachie.

"Uwiii! Nisaidieni!"

Nguchiro akamgeukia Kanga. "Tuukate huo mguu?"

"Tuukate tu. Kwani si huwa anasimama kwa mmoja?"

"Wendawazimu nyie! Niulizeni mimi! Mguu ni wangu!"

Hapo Bi Kobe akaachia. "Na mwili huu, mwanangu, ni wa nani?"

Korongo akainama. "Shikamoo, bibi. Nikugeuze?"

"Marahaba. Nigeuze, halafu ukae pale na wenzako. Somo namalizia mimi."