Sauti Iliyocheka Ukingoni

Tangu mazishini watu walinong'ona kwamba yule kijana hakutaka kuruka, alichekwa mpaka akaruka, akagonga mwamba. Maneno hayo yaliniganda kama kupe.

Juzi mama yake alikuja kwangu na simu yenye video ya kamera ya kofia ya marehemu. Mwanangu, aliyekuwa akiruka naye kutoka majabalini kwa suti za mabawa, zile za kuelea hewani, alikuwa amekaa pembeni yangu.

Tuliona miguu ya marehemu ukingoni mwa jabali. Mabawa ya kitambaa yalipigwapigwa na upepo.

"Leo upepo mbaya," marehemu alisema. "Mimi nashuka kwa miguu."

Sauti nyingine ikacheka. "Shuka basi, mtoto wa mama! Ukifika, kamsaidie kuosha vyombo."

Mama wa marehemu akaisimamisha video hapo. "Mama mwenzangu, huyu ni nani?"

Mwanangu alikuwa akibandua ngozi kando ya ukucha wake, akabandua mpaka damu ikatoka. "Upepo ule, mama," akasema. "Sauti haitambuliki."

Sauti ile nimeilea mimi. Nikaukamata mkono wake wenye damu, nikaubana asiinuke.

"Mjibu mama wa mwenzako."

Wazazi, waambieni watoto wenu:

Wasiruke upepo ukiwa mbaya.

Wasimcheke anayeghairi, hata kwa utani.

Wasiruke ili kumnyamazisha mtu.

Na wasipande mlima na mwenzao asiyeweza kusema, "Ni mimi."