Mkoba Wenye Kufuli

Mkoba wa mwalimu ulikuwa na kufuli. Kidawa aliliona siku ile ya kwanza kabisa, kijana alipoinama mlangoni kusema shikamoo: mkoba wa ngozi uliochakaa, na kwenye zipu yake kufuli dogo la shaba.

"Marahaba, karibu," alijibu, macho yake yakiwa kwenye kufuli.

Mwalimu wa tuisheni anafungia nini? Chaki?

Kidawa alikuwa mpimaji wa korosho kwenye ghala la ushirika hapo Kitomanga, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba gunia linalong'aa sana juu, ukilipekua chini unakuta mawe. Hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na huyu Cletus, mhitimu wa chuo kikuu anayesubiri ajira, aling'aa mno. Mwaka jana alifundisha fizikia watoto wa kule Sudi wakafaulu wote, hata yule mtoto wa imamu ambaye kila mtu alijua ni mzito.

"Hakuna anayefaulisha hivyo kwa chaki peke yake," alimwambia shoga yake Saida. "Yule ana kitu."

"Basi kuwa macho, bibie. Usije ukaangukia kwa mtu kama yule mwalimu wa Kivinje, aliyefukuzwa kazi kwa kuuza mitihani. Na wanasema hajaacha mpaka leo."

"Mpaka leo?" Kidawa akatikisa kichwa.

Lakini angefanyaje? Shuleni mwalimu wa fizikia alikuwa amehama na hajaletwa mwingine, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unabisha hodi. Nasma, binti yake, alitaka kusomea utabibu, na chuo hakimpokei aliyeanguka fizikia. Kaka yake Mudathiri ndoto ilimfia hapo hapo. Sasa anaendesha bodaboda ya mtu, na mkianza habari za shule anainuka na kuondoka. Kidawa aliapa hilo halitamkuta na huyu wa pili. 

Basi akamchukua Cletus, ila jicho halikumbanduka. Masomo yalikuwa barazani, naye akajifanya anachambua mchele pembeni, ungo ule ule, mchele ule ule, kila siku ya somo.

"Mama, huo mchele umeshasafika hadi umeona aibu," Nasma alimtania.

Aliyoyaona hayakumtuliza. Cletus hakufundisha kama walimu wengine. Aliazima mizani ya kuning'iniza, akamwambia Nasma apime jiwe likiwa hewani, kisha likiwa limezama kwenye ndoo ya maji, halafu aeleze uzito umekwenda wapi. Alichokihitaji alikitoa mkobani kwa kupapasa, mkoba ukiwa umefunguliwa kidogo tu, kisha kufuli likarudi mahali pake.

Jioni moja Kidawa alimbana binti yake jikoni.

"Huyo mwalimu wako anakwambia nini?"

"Ananiuliza maswali, mama. Nikikosa, ananiuliza tena."

"Maswali anayatoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani tu? Hajakuonyesha karatasi, akakwambia usimwambie mtu?"

"Mama, jamani. Hapana."

Kidawa akaendelea kukoroga mboga. Ama mtoto hajui, alijisemea, ama ameshafundishwa kuficha.

Mtihani ulipobakiza wiki chache, uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu," alisema, "leo kabla hujaanza, nifungulie huo mkoba."

Nasma aliinamisha uso kwa aibu. Cletus alimtazama mama huyo, akavuta ufunguo aliouvaa shingoni pamoja na rozari yake, akafungua. Vikamwagika mkekani sumaku, nyaya, vipande vya kioo, balbu za tochi na lenzi ya darubini iliyovunjika.

"Kwenye nyumba niliyopanga, watoto wananiibia sumaku," alisema. "Ndiyo maana nafunga."

Kidawa hakutosheka. Aliingiza mkono, akapapasa bitana, akaugeuza mkoba ndani nje.

"Karatasi ya mtihani iko wapi?"

Kijana aliokota sumaku moja mkekani. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya upole, ila ilionyesha kuwa ameumia.

"Mama Nasma, sijawahi kuiona karatasi ya mtihani kabla ya siku yake, wala sitaki kuiona. Wale wa Sudi walisoma. Nasma naye anasoma, na anaelewa. Naapa mbele ya Mungu."

Kidawa alimkazia macho kama anavyoukazia mshale wa mizani siku ya mnada. Haukucheza.

"Nimekuamini, mwalimu," alisema, na kweli alikuwa amemwamini. "Unisamehe. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka."

Nasma akashusha pumzi. Kidawa akawaletea chai na mihogo ya kuchemsha, akawaacha barazani na ndoo yao na jiwe lao. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na banda la kuku, akampigia Saida.

"Shoga," alinong'ona, "yule mwalimu wa Kivinje, unaweza kunipatia namba yake? Huyu wangu nimempekua mpaka kwenye bitana. Kumbe anafundisha tu."