Jani Ndani ya Boneti

"Tangu lini waya ukaota majani?"

Mwirigi aliuliza kwa sauti iliyowatoa watu madukani. Alikuwa ameingiza mkono hadi kiwiko ndani ya boneti ya gari lake la Probox lililoungua, na sasa alishika kipande cheusi cha jani la mgomba.

Jedidah, mkaguzi wa bima, aliguna. Alikuwa ametoka mjini Embu asubuhi hiyo, akalizunguka gari pale uani kwa fundi, akachungulia injini, na tayari alikuwa amefunga mkoba wake.

"Bwana Mwirigi, mimi naona ni nyaya tu. Gari ni kuukuu. Nyaya zikishika moto, bima yako inalipa. Kubali, uende nyumbani."

Lakini hasira ilikuwa imempanda tangu jana, na kwao Muthara mwanamume haambiwi gari lake ni kuukuu.

"Gari langu halina waya mbovu! Limechomwa. Na aliyelichoma ni yule pale."

Kidole kilimwelekea Munyi, kaka ya mkewe, aliyesimama kati ya askari wawili walioitwa na Mwirigi.

Jana yake Mwirigi alikuwa amemleta mkewe, Ciku, kuwasalimia wakwe hapa Manyatta. Sebuleni alijisifu juu ya Probox lake mpaka jikoni wakasikia: lilivyopanda milima na mizigo ya miraa, lilivyomlisha hata akiwa njiani. Munyi akacheka. "Shemeji, hilo ni la kubebea miraa, si la kubebea dada yangu."

Basi! Chakula kikiwa bado motoni, Mwirigi akasimama, akasema hali kitu katika nyumba ya dharau. Wakatukanana langoni hadi majirani wakajazana uani. Kisha akamwita mkewe, akawasha gari. Walipofika Kanja moshi ukafuka kutoka kwa boneti, na Ciku akaruka nje na kiatu kimoja. Gari likavutwa kurudi hapa kwa fundi.

"Sikiliza vizuri," Jedidah alisema, akiwasha simu arekodi. "Adui akilichoma kwa ubaya, tunalipa. Lakini kama kitu kimewekwa humu na mtu wako, kwa uzembe tu, hatulipi. Nyaya ndiyo njia rahisi. Bado unalitaka jani?"

Ciku alimshika mumewe shati. "Baba Karwirwa, tafadhali. Hilo gari ndilo karo, ndilo unga. Sema ni waya."

"Siuzi ukweli kwa unga! Nalitaka jani."

"Liliwekwa na mkono wa mtu?"

"Upepo haufungui boneti, madam. Liliwekwa hapa Manyatta, mimi nikiwa langoni natukanwa."

"Na Munyi si mtu wako?"

"Munyi ni nyoka."

"Shemeji," Munyi akasema, "si tulikuwa wote langoni? Nani alikuwa akikutukana, kivuli changu?"

Watu wakaangua kicheko. Mwirigi akaona giza.

"Mfungeni! Mimi Mwirigi naapa mbele ya Mungu na mbele ya simu hii, nitamtafuta mwenye mkono huo hadi nimpate!"

Jedidah akazima simu. Pingu zikalia.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika akihema, ameitwa na kelele. Hakuingia uani. Tangu arusi hakuwahi kumkaribia mkwe wake wala kumsemesha ana kwa ana. Alisimama ng'ambo ya ua, leso ameishusha hadi machoni, akasema na binti yake kama adabu ilivyotaka.

"Ciku, mwambie mzee wako amwachilie ndugu yako. Huyo hajui kitu. Mkwe hawezi kutoka kwangu mikono mitupu, hata akiwa na hasira. Nduma, yale magimbi niliyokuwa nikiwapikia, zilikuwa hazijaiva, na mimi nilikuwa nimemsikia akisema safarini yeye huzipika kwa injini. Nikazifunga vizuri kwa majani ya mgomba, nikamwekea pale."

Akairekebisha leso, bado akitazama chini.

"Hebu muulize kama ziliiva."