Salama Tu ya Punda

Mahindi ya Punda yalikauka yote. Akakosa usingizi, akawa anapiga mateke hata kivuli chake. Lakini mkewe akimuuliza habari za shamba, jibu ni lile lile: "Salama tu."

Siku moja alirudi akamkuta mkewe juu ya paa.

"Mama Kwato, kuna nini?"

"Salama tu."

"Watoto wako wapi?"

"Salama tu."

"Na huo moshi?"

"Salama tu."

"Sema ukweli, nitapasuka!"

"Anza wewe, Baba Kwato."

Punda akalia mpaka masikio yakalowa, akasema yote. Mkewe akashuka. Moshi ulikuwa wa chai, na watoto walikuwa uvunguni wakicheka.

Asubuhi jirani yao Mbuzi akauliza, "Habari za shamba?"

"Mbaya!" akajibu Punda huku akirukaruka.

Mbuzi akabwaga jembe, akamkumbatia. "Afadhali umesema! Nilidhani limenikaukia mimi tu."