Mkono wa Shaba Hakumwacha Mama Yake

"Zima! Zima huo uongo!"

Sylvanus alikuwa amesimama mbele ya runinga, mikono kiunoni, Jumapili mchana, kwenye kibanda cha video karibu na soko la Babati. Watoto wakamzomea. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, fundi baiskeli mwenye mvi mbili tatu, anagombana na filamu! Aibu aliiona, lakini hasira iliizidi.

Filamu yenyewe ilikuwa mpya, ya kueleza Mkono wa Shaba alikotokea kabla hajawa shujaa. Sylvanus aliingoja mwaka mzima. Stendi nzima alikofanyia kazi ilijua kwamba yeye ndiye mjuzi wa Mkono wa Shaba mkoa wote wa Manyara, cheo alichojipa mwenyewe. Sasa filamu haijafika hata nusu saa, shujaa angali kijana, anabeba begi, anamwacha mama yake mlangoni na kwenda zake. Hata nyuma hageuki!

"Si kweli," Sylvanus alisema. "Kwenye ile ya kwanza alisimulia mwenyewe. Alibaki. Alimshika mama yake mkono, akamwambia, 'Mama, siendi popote. Nikiondoka, nani atakulimia maharage?'"

Adrian, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alicheka mpaka soda ikamtoka puani. "Marekani, ghorofa ya arobaini, maharage ya wapi wewe?"

"Labda walikuwa na shamba nje ya mji."

Alijiona mjinga hata kabla hajamaliza kulisema hilo.

Ila kwake halikuwa jambo la kucheka. Mwaka waliomaliza darasa la saba, yeye na Adrian walifunga mabegi kwa siri waende machimbo ya Mererani. Siku moja kabla ya safari wakaingia kuangalia ile filamu ya kwanza. Sylvanus alilia humo ndani kama mtoto mchanga, akarudi nyumbani Nakwa, akafungua begi. Adrian akaenda. Leo Adrian ana Fuso mbili na nyumba ya vigae. Sylvanus ana pampu ya baiskeli, na mama anayelalamika kwamba chai imepoa.

"Kama shujaa mwenyewe aliondoka," Adrian alisema, safari hii bila kucheka, "wewe ulibaki kwa ajili ya nini?"

Swali hilo lilimuuma Sylvanus kuliko tusi.

"Twende kwa Mzee Melkiadi," akasema. "Ndiye aliyetutafsiria. Akisema sikusikia vizuri, nitakuja kutangaza hapa hapa mbele ya watoto hawa kwamba mimi ni bwege, nimepoteza miaka ishirini."

Wakapanda bajaji mpaka Bonga. Mzee Melkiadi, ambaye enzi zile alitafsiri filamu kwa kipaza sauti kibandani kwake, walimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mama Sylvanus hajambo?"

"Hajambo. Mzee, Mkono wa Shaba. Ile ya kwanza. Alimwambia mama yake haondoki, au hakumwambia?"

"Si nilisema vile? Haendi popote. Maharage na nini."

Sylvanus aliruka juu, akamnyooshea Adrian kidole mpaka karibu na pua. "Ehee! Umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Hii mpya ndiyo ya uongo!" Miaka yake yote ishirini ilikuwa imerudishwa mikononi mwake, mizima.

Mzee Melkiadi aliweka gunzi chini. "Ngoja kwanza, mwanangu. Nilisema mimi. Yule Mzungu kwenye runinga alisema nini, Mungu ndiye anajua. Kiingereza sikijui mpaka leo. Nilikuwa nafuata picha tu."

Adrian akaangalia pembeni.

"Sasa maneno yale," Sylvanus aliuliza taratibu, "uliyatoa wapi?"

"Mama yako alilikuta begi lako chini ya kitanda. Akanijia asubuhi ya siku ile ile na jogoo kwapani, akanifundisha maneno yote, moja moja, mpaka nikayashika. Mimi nilichoongeza ni kulia kwenye kipaza sauti tu."